Nani Aliyeipima Dunia, na Alisimama Wapi?

Maandishi ya mhadhara kwa wakazi, wakulima wa chai, walimu na wahudumu wa afya ya jamii

 

Kila mara habari ya ongezeko la joto duniani inapotajwa barazani, hakosekani mzee wa kuinua mkono. Serikali na wanasayansi wanasema dunia imeongezeka joto kwa nyuzi moja na kitu, na ilhali mwezi wa saba huku Kericho watu wamelala na blanketi mbili na jiko la makaa ndani ya chumba. (Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua, na hilo lisemwe kabla ya mengine yote.) Sasa mzee anauliza: ni nani aliyeipima hiyo dunia, na alisimama wapi alipokuwa akiipima?

Swali hilo ni la haki. Mkulima anayepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia hutaka kuiona mizani kwa macho yake kabla ya kilo kuandikwa, na hakuna anayemlaumu. Hesabu za joto zinastahili kukaguliwa vivyo hivyo, kwa sababu kutokana nazo hupangwa fedha za kaunti, vyandarua, dawa na miche. Mazungumzo ya leo ni ya kuikagua mizani hiyo.

Mizani yenyewe huanza na kisanduku. Katika vituo vingi vya hali ya hewa, na katika shule nyingi za upili, kuna kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne, kuta zake zikiwa za vibao vilivyoinamishwa ili upepo upite. Walimu wa jiografia hukiita kisanduku cha Stevenson, kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa Scotland aliyejenga minara ya kuongozea meli, na ambaye mwanawe, Robert Louis Stevenson, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya. Kila kitu cha kisanduku hicho kina sababu. Rangi nyeupe hurudisha miale ya jua. Vibao huruhusu hewa kuingia na kuzuia jua na mvua. Kimo chake, kati ya mita 1.25 na mita 2, hukiweka mbali na joto la ardhi yenyewe. Chini yake huwa nyasi fupi, wala si lami au saruji.

Ndiyo maana namba inayotangazwa redioni haifanani na joto analolisikia mtu aliyesimama juani, wala na namba inayoonekana kwenye dashibodi ya matatu iliyoegeshwa stendi saa nane mchana. Kinachopimwa ni joto la hewa kivulini. Bati la nyumba linaweza kuwa la moto kiasi cha kuunguza mkono huku hewa kivulini ikiwa na nyuzi 24 tu.

Ndani ya kisanduku mna vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja huhifadhi alama ya joto la juu zaidi la siku, kingine huhifadhi alama ya baridi kali zaidi ya usiku. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huja, hufungua mlango, husoma, huandika, kisha huviweka tayari kwa siku inayofuata. Siku ya Krismasi huja. Siku ya uchaguzi huja. Wastani wa siku hupatikana kwa kujumlisha namba hizo mbili na kugawanya kwa mbili, hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Sayansi yote ya joto la dunia imejengwa juu ya watu hao wa saa tatu asubuhi, na wengi wao majina yao hayajulikani na mtu yeyote.

Tatizo linaanza mtu anapotaka kutoka kwenye kisanduku kimoja hadi kwenye dunia nzima. Kisumu, kando ya ziwa, kuna joto kuliko Kericho kila siku ya mwaka. Lodwar kuna joto kuliko Kisumu. Je, wastani wa Kericho, Kisumu na Lodwar una maana gani? Una maana ndogo. Kituo kimoja kikifungwa na kingine kikifunguliwa, wastani huo hupanda au kushuka bila hewa yenyewe kubadilika hata kidogo.

Hapa akina mama wanaopeleka watoto kliniki wataelewa haraka kuliko maprofesa. Muuguzi hamlinganishi mtoto wako na wa jirani. Humlinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwenye kadi yake mwenyewe. Hata mizani ya kliniki ikiwa imezidisha nusu kilo, mradi imezidisha hivyo kila mwezi, mstari kwenye kadi bado utaonyesha kama mtoto anakua au anadhoofika. Wanasayansi wa hali ya hewa hufanya hivyo hivyo. Kila kituo kina kadi yake. Huchukuliwa miaka 30 ya rekodi ya kituo hicho, hupatikana kawaida yake ya kila mwezi, kisha kila mwezi mpya huulizwa swali moja: umezidi au umepungua kutoka kawaida ya hapa kwa kiasi gani? NASA ya Marekani hutumia miaka ya 1951 hadi 1980 kuwa kawaida yake. Kundi la Uingereza, ambalo ni Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha East Anglia, limetumia kwa miaka mingi kipindi cha 1961 hadi 1990. Kwa mazungumzo ya mataifa, kama yale ya Paris mwaka 2015, huhesabiwa kutoka wastani wa 1850 hadi 1900, kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi.

Njia hiyo ina faida moja kubwa. Ingawa joto lenyewe hutofautiana sana kati ya mlima na bonde, tofauti na kawaida haitofautiani sana. Mwezi ukiwa na joto la ziada Kericho, mara nyingi huwa na joto la ziada Nakuru na Eldoret pia. Mwaka 1987 James Hansen na Sergej Lebedeff wa NASA walionyesha kwamba vituo vilivyo mbali kwa mamia ya kilomita huelekea kupanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo vituo elfu chache, vikitawanywa vizuri, vinatosha kuonyesha mwelekeo wa nchi kavu yote. Kisha dunia hugawanywa kwa miraba, na kila mraba hupewa uzito kulingana na ukubwa wake, ili Ulaya yenye vituo tele isipige kura nyingi kuliko Kongo yenye vituo vichache.

Lakini nchi kavu si dunia. Zaidi ya theluthi mbili ya uso wa dunia ni maji, na huko hakuna mtu wa saa tatu asubuhi. Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi hiyo ilifanywa na mabaharia. Walitupa ndoo baharini, wakaivuta, wakatia kipimajoto. Ndoo za mbao zilikuwa nzuri kiasi. Ndoo za turubai zilikuwa na kasoro: maji yalivuja na kukauka pembeni, na upepo ukayapoza kabla ya kusomwa, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Baadaye meli zenye injini zilianza kupima maji yaliyoingia kupoza injini, na hayo yalisomeka yenye joto kidogo kuliko yalivyokuwa. Mtu akiunganisha ndoo za zamani na injini za baadaye bila kusahihisha, ataona bahari imepata joto kuliko ilivyopata kweli.

Watu wengi wamesikia kwamba wanasayansi "hupika" namba ili joto lionekane limepanda. Ni kweli kwamba rekodi husahihishwa. Kituo huhamishwa kutoka bondeni hadi kilimani, mji hukua na kukizunguka, kipimajoto hubadilishwa. Yote hayo lazima yatafutwe na kurekebishwa, na vituo jirani ndivyo mashahidi. Ila jambo ambalo wasemaji hao hawalitaji ni hili: ukijumlisha masahihisho yote ya nchi kavu na ya bahari, joto la karne nzima hupungua, halizidi. Sababu kubwa ni zile ndoo. Rekodi ghafi, isiyoguswa na mtu, inaonyesha dunia imepata joto zaidi kuliko rekodi iliyosahihishwa. Kama huo ni upishi, basi mpishi amepunguza chumvi.

Kulikuwa pia na mwanafizikia wa California, Richard Muller, ambaye hakuziamini hesabu za wenzake na alisema hivyo waziwazi. Alikusanya kundi lake, likachukua rekodi za vituo vingi kuliko waliomtangulia na kuanza hesabu upya kwa njia nyingine. Mwaka 2012 alitangaza kwamba amepata jibu lile lile, na kwamba amebadili msimamo wake. Kundi hilo, Berkeley Earth, bado linatoa hesabu zake kila mwaka, na zinakaribiana na za NASA na za Uingereza.

Leo bahari hupimwa na maboya yanayojiendesha yanayoitwa Argo. Yapo karibu 4,000, yamesambazwa katika bahari zote, Bahari ya Hindi ikiwemo. Kila boya huzama hadi mita 2,000, hupanda likipima joto na chumvi, na likifika juu hutuma namba kwa setilaiti, kisha huzama tena. Kutokana na maboya hayo na vipimo vya zamani imejulikana kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada huishia baharini. Kinachosikika hewani ni makombo.

Sasa turudi nyumbani, maana Kericho yenyewe imewahi kuwa mahali pa kesi.

Katika miaka ya 1980 na 1990 malaria iliongezeka katika mashamba ya chai ya Kericho. Wazee wanaokumbuka wanajua jinsi wagonjwa walivyojaa wodini katika miezi ya tano, sita na saba. Nyanda za juu zilikuwa zimezoea kujiona salama. Vimelea vya malaria hatari zaidi vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Joto likiwa kati ya nyuzi 16 na 18, ukuaji wake huwa wa polepole kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla vimelea havijawa tayari kuambukiza. Wastani wa Kericho umekaa karibu kabisa na mpaka huo. Kwa hiyo nusu nyuzi, ambayo mtu wa Mombasa hata hawezi kuihisi, huku inaweza kuwa tofauti kati ya kijiji chenye malaria na kisicho nayo.

Mwaka 2002 kundi la watafiti likiongozwa na Simon Hay, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, lilichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya sehemu nne za nyanda za juu: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikongoro nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Walisema hawakuona badiliko la maana la joto mahali hapo, hivyo malaria lazima imeletwa na kitu kingine. Mshukiwa mkuu alikuwa usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini, dawa iliyokuwa ikitumika wakati huo. Hoja ya dawa ilikuwa na nguvu, na bado ina nguvu. Wauguzi wa miaka ile walijionea wenyewe klorokwini ikishindwa.

Wengine walipinga upande wa joto. Namba zilizotumika hazikutoka kwenye kisanduku cha Kericho peke yake. Zilitoka kwenye ramani ya miraba, kila mraba ukiwa na upana wa kilomita 55 hivi, ambamo joto la mahali pasipo kituo hukadiriwa kutoka kwa vituo vya mbali. Mkazi wa hapa anajua maana ya kilomita 55. Ni kuondoka kwenye ukungu wa chai, kuteremka Ahero, na kuvua sweta njiani. Mraba wa namna hiyo hufaa sana kwa kujua hali ya bara zima, na haufai kwa kusema kilichotokea kwenye mteremko mmoja. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizirudia namba za sehemu zile zile nne, wakaongeza miaka hadi 2002 na kutumia njia nyingine ya hesabu. Wao waliona joto limepanda kote kunne.

Ilibidi mtu arudi kwenye kisanduku. Mwaka 2011 mtafiti Judith Omumbo na wenzake, akiwemo mtaalamu kutoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, walichapisha katika Malaria Journal matokeo ya kukagua rekodi ya kila siku ya kituo cha Kericho tangu Januari 1979 hadi Desemba 2009. Miaka 31, siku baada ya siku, joto la juu, joto la chini na mvua. Waliipitia rekodi hiyo na kuondoa makosa, kisha wakaangalia mwelekeo. Joto la mchana lilikuwa limepanda. Joto la usiku lilikuwa limepanda. Wastani ulikuwa umepanda. Kiasi chake ni takriban nyuzi 0.2 kwa kila miaka kumi, sawa na nyuzi 0.6 katika kipindi hicho, na hicho ndicho kiwango ambacho dunia nzima imekuwa ikipanda nacho tangu miaka ya 1970.

Omumbo na wenzake hawakusema kwamba joto peke yake lilileta malaria. Usugu wa dawa ulikuwepo, watu walisafiri, huduma zilibadilika. Na baada ya Kenya kubadili dawa na kusambaza vyandarua, wagonjwa walipungua ingawa joto halikupungua. Walichosema ni kwamba hoja ya "Kericho haijapata joto" haiwezi tena kutumiwa kulifuta suala la hali ya hewa. Kwa mhudumu wa afya ya jamii tofauti hiyo ni ya kazi. Kama joto halijabadilika, chandarua cha mlimani kinaweza kungoja. Kama joto limevuka mpaka wa vimelea, mwaka ambao dawa itaanza tena kushindwa au vyandarua vitachelewa utakuwa mbaya kuliko ule wa babu zetu.

Ikumbukwe pia kilichoamua sehemu ile ya kesi. Si kompyuta kubwa zaidi. Ni daftari la watu waliofungua mlango wa kisanduku kila asubuhi kwa miaka 31, wengi wao wakidhani ni kazi tu ya serikali isiyo na msomaji.

Kujua kwamba joto limepanda ni jambo moja. Kujua sababu ni jingine. Hapa inafaa kuangalia juu. Ile nyota angavu inayoonekana jioni au alfajiri, Zuhura, ni sayari inayokaribiana na dunia kwa ukubwa. Ipo karibu na jua kuliko dunia, lakini mawingu yake mazito hurudisha angani karibu robo tatu ya mwanga unaoifikia. Kwa hesabu ya mwanga tu, ilipaswa kuwa ya baridi. Mwaka 1956 Cornell Mayer na wenzake wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walielekeza darubini ya redio kwenye Zuhura na kupata joto la zaidi ya nyuzi 300. Wengi hawakuamini. Mwaka 1970 chombo cha Kisovieti, Venera 7, kilitua huko na kutuma habari kwa dakika 23 kabla ya kunyamaza: nyuzi 475 hivi. Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, haifikii hapo hata mchana. Tofauti ni kwamba Utaridi haina hewa ya kutajika, na hewa ya Zuhura ni nzito mara 90 kuliko yetu, asilimia 96 ikiwa gesi ya kaboni dayoksaidi.

Mkulima wa chai anaijua fizikia hiyo bila Zuhura. Baridi inayounguza majani ya chai, kama ile ya Januari 2012, huja katika usiku gani? Usiku usio na wingu, nyota zikiwaka. Mawingu yakitanda, chai husalimika. Ardhi hupoteza joto usiku kwa miale isiyoonekana kwa macho, na wingu huishika na kuirudisha chini. Mvuke, kaboni dayoksaidi na methani hufanya kazi hiyo hiyo hata pasipo wingu. Bila gesi hizo, kwa kiasi cha mwanga inachopokea na kurudisha, dunia ingekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sufuri. Wastani wake ni karibu nyuzi 15. Gesi hizo ndizo zinazofanya maisha yawezekane. Ubishi ni juu ya kuziongeza.

Na zimeongezwa. Charles David Keeling alianza kupima kaboni dayoksaidi kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akapata sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi, kama mapovu ya hewa yaliyonaswa katika barafu ya kale yanavyoonyesha. Sasa imepita 420. Kenya nayo ina kituo cha kupima hewa kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilichofunguliwa mwaka 1999.

Je, si jua limeongezeka ukali? Jambo hilo limechunguzwa. Setilaiti zimekuwa zikipima mwanga wa jua tangu mwaka 1978, na hazioneshi mwanga huo ukipanda pamoja na joto. Tena, kama jua ndilo, hewa yote ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Kilichoonekana ni kwamba hewa ya chini inapata joto na hewa ya juu kabisa, ile ya tabaka la stratosifia, inapoa. Mtu akijifunika blanketi, mwili hupata joto na upande wa nje wa blanketi hubaki baridi.

Si kila dalili isomwe haraka, hata hivyo. Barafu ya Mlima Kenya imekuwa ikipungua tangu mpanda mlima Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899. Barafu kadhaa alizoziona hazipo tena, na ile ya Lewis imebaki kipande. Ni rahisi kuonyesha picha hizo mbili na kusema "tazameni joto". Waliopima barafu za Afrika Mashariki kwa makini wanasema kukauka kwa hewa na upungufu wa theluji tangu mwishoni mwa karne ya 19 vilichangia sana, hasa mwanzoni. Picha ni ya kweli, lakini si kipimajoto.

Tukirudi kwa mzee wa blanketi mbili: anachosema kuhusu mwezi wa saba ni kweli, na wanasayansi pia wanasema kweli. Mwezi wa saba hapa huwa wa mawingu na upepo wa kusi, na utaendelea kuwa wa baridi. Swali la kadi ya kliniki ni kama miezi ya saba ya miaka 30 hii imezidi ile ya miaka 30 iliyotangulia. Vivyo hivyo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulizidi wastani wa 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.55, likiacha nafasi ya kukosea ya nyuzi 0.13 juu au chini. Magazeti mengine yakaandika kwamba mpaka wa Paris wa nyuzi 1.5 umevunjwa. Bado. Mpaka huo huhesabiwa kwa wastani wa miaka mingi, na El Niño ilikuwa imeusukuma mwaka huo juu. Lakini miaka kumi ya 2011 hadi 2020 tayari ilikuwa juu kwa nyuzi 1.09, na nchi kavu peke yake kwa nyuzi 1.59.

Upungufu mkubwa uko kwenye visanduku. Afrika ni bara kubwa lenye vituo vichache, na baadhi ya vilivyopo vina rekodi zenye mapengo, kwa sababu kipimajoto kilivunjika na hakikununuliwa kingine, au mtu wa asubuhi alistaafu na nafasi yake ikabaki wazi. Mwezi usioandikwa haurudi. Mashamba ya chai, misheni na shule za hapa zina madaftari ya zamani ya mvua na joto kabatini, mengine yakiliwa na mchwa. Yeyote anayejua lilipo daftari kama hilo asilichome wala kulitupa. Aliripoti kwa ofisi ya mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti, ambako linaweza kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurudishwa kwa mwenyewe. Shule yenye kisanduku kilichogeuka kiota cha ndege pia inaweza kusaidiwa kukirudisha kazini. Kinachohitajika ni rangi nyeupe, vipimajoto viwili, daftari, na wanafunzi wawili wa zamu saa tatu asubuhi, likizo ikiwemo.

Muda uliobaki ni wa maswali. Mzee wa blanketi mbili apewe kipaza sauti kwanza.